Joho la Meya na Viti vya Kukodi

Mume wangu nilimkuta msibani, akisubiri watu wainuke. Alikuwa amekodisha viti na turubai kwenye msiba wa shangazi yangu. Mvua ilikuwa inanyemelea kutoka mlimani, na kesho yake alikuwa na harusi Ngaramtoni ambako viti vilevile vilikuwa vinangojwa. Watu hawakuinuka. Walikuwa wanakula. Akanifuata mimi, kwa kuwa nilikuwa nagawa sahani, akaniuliza kama wali umebaki mwingi. Nikamwambia umebaki. Akasema, "Basi ngoja nikae." Akakaa, nikampa sahani, na huo ndio uchumba wetu. Wapo wanaosimulia wa kwao vizuri zaidi, lakini sisi tulikuwa na huo tu.

Wakati ule alikuwa na turubai moja lenye viraka, na viti vya plastiki vya rangi mchanganyiko, kwa sababu alinunua kidogo kidogo na kila aliporudi dukani alikuta rangi ile imekwisha. Tulipooana tukajenga stoo Kwa Mrombo, kando ya barabara ya vumbi, kwenye kiwanja alichouziwa na mzee mmoja aliyetupimia mipaka kwa hatua za miguu yake. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu. Hatukulitilia maanani jambo hilo. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nikibeba maji ya kuchanganyia saruji, na mume wangu akipanga matofali. Fundi alitusaidia kwenye kona na kwenye paa tu.

Mtu wa viti hachagui shughuli. Leo yuko kwa Walutheri, kesho yuko kwa Waislamu wa mjini kati kwenye maulidi, keshokutwa anafunga turubai kwenye harusi ya Kihindi ambako shughuli haiishi. Anafika kabla ya wenyewe na kuondoka baada yao. Hivyo mume wangu alijua familia gani imekosana na ipi, nani alikataa kukaa karibu na nani, na yote hayo hakuyasema. Akiombwa kutoa neno msibani, alisimama akasema, "Poleni sana," kisha akakaa. Watu wa kata yetu wakamwona ni mtu wa busara. Mimi niliyeishi naye najua kwamba hakuwa na la kuongeza.

Diwani wetu alipotangaza kwamba amechoka na hatagombea tena, wazee wa kata walikuja nyumbani. Walikunywa chai yote kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

"Tunataka mtu anayewajua watu," akasema mkubwa wao.

"Mimi najua wanavyokaa tu," mume wangu akajibu.

"Inatosha."

Nikasema kutoka jikoni kwamba huyu hawezi kuhutubia. Mzee akanijibu kwamba wanaoweza kuhutubia wamekwisha kuwaona.

Kampeni yake ilikuwa neno moja: mtaro. Mvua za masika zikipiga huku juu, maji yanateremka na kuingia kwenye nyumba za bondeni, chini ya mtaa wetu. Masika yaliyokuwa yamepita alikwenda kufuata viti vyake kwa mama mmoja wa huko aliyekuwa amefanya kipaimara cha mtoto. Akakuta maji yamejaa sebuleni, mama amebebanisha viti vyetu vitatu vitatu, na watoto wake wamekaa juu, wametulia kama wako kanisani. Akaviacha viti. Alirudi nyumbani suruali imelowa hadi magotini na hakula. Baadaye, kila aliposimama jukwaani, alisema, "Nitauhangaikia mtaro," akashuka. Alishinda.

Sasa, Meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Madiwani humchagua mmoja wao. Mwaka ule ndani ya chama kulikuwa na vigogo wawili waliolitaka joho. Kila mmoja alikuwa na watu wake, na watu wa huyu hawakuwa tayari kumwona yule amelivaa. Vikao vikafanyika, vikavunjika, vikafanyika tena. Mwishowe mtu mmoja akauliza kama kuna diwani yeyote asiye na adui. Wakatazamana. Mume wangu wakati huo alikuwa nje ya ukumbi, akiongea kwa simu na mtu aliyekwama na turubai letu huko Usa River. Aliporudi ndani akakuta jina lake limeshapita.

Akanipigia. "Mama watoto, kuna jambo limetokea."

Nikadhani gari limepinduka. "Viti viko salama?"

"Viko salama. Nimekuwa Meya."

Nikakaa chini. Nikamwuliza kama atakuja kula. Akasema hajui, kwa sababu sasa ana dereva.

Siku ya kuvishwa joho, mama mkwe alikuja kutoka Kikwe amevaa kitenge chake cha Pasaka. Yeye Kimeru ndicho lugha yake. Kiswahili anakitumia kwa mambo ya lazima. Mwanawe alipotokea kwenye joho jekundu, mkufu umemfika tumboni, mama akanishika mkono.

"Amebarikiwa lini?"

Kanisani kwetu anayebarikiwa na kuvishwa joho ni mchungaji. "Si mchungaji, mama. Ni Meya."

"Usharika wake uko wapi?"

"Jiji lote ndilo usharika wake."

Akawaza. "Na sadaka inashikwa na nani?"

Nikamwambia inashikwa na Mkurugenzi wa Jiji.

"Kumbe yeye ni mzee wa kanisa tu," akasema, akaachia mkono wangu.

Wiki hiyohiyo tulikwenda mjini kati kununua turubai jipya kwa mzee wa Kihindi ambaye familia yake imeuza maturubai pale tangu enzi za babu yake. Alimpa mume wangu mkono wa pongezi, akaendelea kukata turubai. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mfanyabiashara akiwa Meya, nusu ya wateja watamkimbia."

"Na nusu nyingine?" nikauliza.

"Itataka bure."

Hakukosea sana. Watu walianza kuja nyumbani kabla ya chai. Huyu mbwa wa jirani anabweka, huyu mpangaji hatoki, huyu baa ya nyuma inapiga muziki wakati wa sala. Mume wangu aliwasikiliza wote, na jibu lake lilikuwa moja.

"Nitamweleza Mkurugenzi."

"Kuhusu mbwa?"

"Kuhusu mbwa."

Mtu aliondoka ameridhika. Sijui kama Mkurugenzi aliwahi kuelezwa habari za mbwa. Na katikati ya hao, simu ya viti haikukoma. Nilimsikia mama mmoja akisema, "Shikamoo Mstahiki Meya, samahani sana, vile viti havikutosha." Na Mstahiki akajibu, "Marahaba mama, naongeza," akanitazama mimi, kwa sababu mwenye kuongeza sasa nilikuwa mimi. Biashara ilikuwa imeniangukia. Nilijifunza kufunga turubai, kupakia gari, na kubishana na walinzi wa kumbi. Kazi ya jiji tuliikataa kabisa. Alisema haitapendeza Meya akalie viti vyake kwa fedha za walipa kodi. Hivyo kila alipokuwa mgeni rasmi alikalia viti vya washindani wetu, na kabla ya kukaa aliinama kukagua miguu ya kiti. Watu wa itifaki walidhani ni mambo ya usalama.

Jambo lililompa sifa kuliko yote lilitokea msibani Ngaramtoni, alipofiwa diwani mwenzake. Turubai halikuwa letu. Mume wangu alikuwa ameketi mbele na wakubwa, mimi niko nyuma na akina mama, upepo ukavuma kutoka mlimani. Niliona anaitazama nguzo moja. Nikajua. Mwongoza shughuli akatangaza kwamba sasa ni zamu ya Mstahiki Meya kutoa salamu za rambirambi. Mstahiki akasimama, akaipita maiki, akaipita meza, akaenda kwenye kona akapiga goti akiwa na suti. Mwongoza shughuli, asiyejua la kufanya, akasema kwenye kipaza sauti, "Mstahiki Meya sasa anafunga kamba." Mvua ikashuka. Turubai lote likainuka isipokuwa kona ile, na kona ile ndiyo iliyolizuia lisichukuliwe na upepo. Mume wangu alisema salamu zake akiwa palepale, ameishikilia kamba kwa mikono miwili. "Poleni sana." Watu waliizungumzia hotuba ile muda mrefu.

Mtaro ulichukua miaka. Uliingia kwenye mpango, ukatoka, ukarudi. Aliusema kila kikao mpaka madiwani wenzake wakawa wanamcheka. Hatimaye ukapitishwa pamoja na kupanuliwa kwa barabara yetu, na wapima wakapita mtaani na rangi.

Asubuhi hiyo nilifika stoo nikakuta tumepigwa X ya kubomolewa. Ilikuwa nyekundu, mlangoni, na nyingine ukutani. Ya tatu ilikuwa kwenye tangi la maji, ambalo lingeweza kuhamishwa tu. Nikapiga simu.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Kwenye kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha mtaro."

"Basi waambie umeshatufikia."

"Umetufikia wapi?"

"Mlangoni. Rangi bado mbichi."

"Na ukutani?"

"Na ukutani. Nyuma bado ni kwetu."

Nilisikia kiti kikivutwa. Kisha akasema, "Usiiguse, itakuchafua," akakata.

Alikuja na futi ya kupimia, akapima mwenyewe, akapima tena. Zile hatua ndefu za yule mzee zilikuwa zimetuingiza ndani ya hifadhi ya barabara kwa upana wa chumba kizima. Mzee alikuwa amekwisha kufariki, na viti vya msiba wake tulivipeleka sisi. Fidia haikuwepo, kwa kuwa aliyevamia barabara, kwa mujibu wa futi, alikuwa Meya.

Hatukuwa peke yetu. Upande wetu wote wa barabara ulikuwa mwekundu. Jioni wakaja majirani, wakiongozwa na mwenye bucha wa pembeni yetu, mtu aliyempigia mume wangu kampeni kuliko mtu yeyote, tena akichoma nyama kila mkutano. Kibaraza chake cha kulia nyama kilikuwa na X kubwa kuliko yetu.

"Mstahiki," akasema, "wewe ukikataa, mtaro utapinda."

"Utapinda uende wapi?"

"Upande ule."

"Upande ule kuna shule ya chekechea."

"Basi usipinde sana."

Mume wangu akasema mtaro si nyoka. Hakuna aliyecheka. Mwenye bucha akanigeukia. "Shemeji, wewe zungumza naye. Wewe unaelewa biashara."

Nilizungumza naye walipoondoka. Nilimwambia kwamba nimelala na akina mama wafiwa kwenye mikeka nikisubiri kukusanya viti vyake, nimebishana na walevi wa harusi, nimeendesha gari kwenye tope, ili yeye avae lile joho. Kama Meya hawezi kuokoa ukuta wake mwenyewe, nikamwuliza, umeya una faida gani?

"Sijui," akasema. "Hata mimi nimekuwa nikiitafuta hiyo faida." Alikuwa anavua viatu, akaacha kimoja mguuni. "Lakini nikiuokoa ukuta, yule mama wa bondeni nitamwambia nini?"

"Mwambie anunue mabuti."

Akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tukakaa siku kadhaa tukiongea kupitia watoto. Mwambie baba yako chakula kiko mezani. Mwambie mama yako nimekwishakula.

Jumamosi asubuhi, muda wa notisi haujafika, alivaa kaki yake ya zamani, akachukua nyundo kubwa, akamwambia dereva wa jiji apumzike, akaenda Kwa Mrombo kwa miguu. Mimi nilifuata na gari letu kuvitoa viti. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili pia. Tuliujenga vizuri ule ukuta. Watu wakakusanyika, mmoja akawa anarekodi kwa simu, na kabla ya saa sita video ilikuwa imeenea mjini. Baadhi walisema Meya anatafuta kura, wengine walisema anajenga ghorofa. Mwenye bucha alisimama kwenye kibaraza chake amekunja mikono. Hakuondoka.

Ukuta ulipoanguka, vumbi lilimfunika mume wangu hata nyusi. Alisimama katikati ya kifusi na nyundo yake, amenipa mgongo, mabega yamelegea, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nililia kidogo nyuma ya gari. Kisha nikatoka nikaanza kupanga matofali, kwa sababu mengi yalikuwa mazima na hakuna aliyekuwa anayaondoa.

"Haya yanafaa," nikamwambia.

"Yanafaa," akasema. Hayo yalikuwa maneno yetu ya kwanza bila mtoto katikati.

Viti vyetu vilipelekwa Kikwe, kwa mama mkwe, vikafunikwa kwa turubai pembeni ya migomba. Mama alivipokea kwa loshoro, yale makande ya maziwa mgando, na malalamiko. Kuku wake, kwa upande wao, walivipenda. Tulivifuata kila shughuli kutoka mbali, tukavifuta, na bado kwenye harusi moja mjomba wa bibi harusi alikalia yai. Tuliomba radhi. Mama mkwe alipoelezwa aliuliza kama yai lilikuwa limevunjika lote.

Majirani walibomoa mmoja mmoja. Mwenye bucha alikuwa wa mwisho. Alikiondoa kibaraza chake tofali kwa tofali na hakutusalimia kwa muda mrefu. Mtaro ukachimbwa, ukajengewa kwa mawe, ukafika hadi bondeni. Haukuwa na uzinduzi wa maana. Mgeni rasmi aliyetarajiwa alipata udhuru, mume wangu akakata utepe akasema ahsanteni.

Uchaguzi ulipofika, kwenye kura za maoni za chama, kata yetu ilimpa ushindi mwenye bucha. Alikuwa ameahidi kulinda mali za watu. Mume wangu alihudhuria mpaka mwisho, akampa mkono, akarudi nyumbani na kuniuliza kama joho linafuliwa au linapelekwa kwa dobi kabla ya kurudishwa. Nikamwambia dobi. Akalikunja mwenyewe, akakosea, akalikunja tena. Asubuhi ya kwanza ya maisha mapya aliamka, akavaa suti, akatoka getini akasimama. Nilimwangalia kupitia dirishani. Alisimama kitambo akingoja gari, halafu akajifanya anakagua bawaba za geti. Nilimpelekea chai palepale ili asilazimike kurudi ndani haraka.

Siku chache baadaye mwenye bucha alibisha hodi. Alivua kofia.

"Shemeji, nahitaji viti."

"Vya nini?"

Akatazama chini. "Vya sherehe."

Nilikuwa na jibu zuri, lakini mume wangu akatokea nyuma yangu akauliza, "Vingapi, na unataka rangi gani?" Alivipeleka mwenyewe, akafunga turubai mwenyewe, akakaa hadi shughuli ikaisha. Aliporudi nilimwuliza ilikuwaje.

"Walikaa vizuri," akasema.

Masika yaliyofuata mvua ilikuwa kubwa. Mlima haukuonekana kwa wiki nzima. Siku moja mchana tunakula, akaja mama wa makamo amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Simkumbuki, na sidhani kama ni yule wa viti. Alisema anatoka bondeni. Maji hayajaingia ndani, mtaro unapitisha, ila watu wa juu wametupa godoro humo na limekwama karibu na kwake.

"Mama," mume wangu akasema kwa upole, "mimi si Meya tena. Diwani sasa ni yule mwenye bucha."

"Najua, baba. Kwake nimekwenda, yuko kwenye kikao." Akakung'uta maji mlangoni. "Nikasema nije kwako, kwa kuwa wewe sasa una nafasi."

Mume wangu akanitazama. Kisha akanawa mikono, akachukua chepe na mabuti, wakaondoka naye mvuani wakibishana kama godoro lililolowa linavutwa au linakatwakatwa. Mimi nilifunika chakula chake. Halafu nikafikiria godoro lilivyo zito likilowa, nikajifunga kanga, nikawafuata.